Nat King Cole: Mtoto wa mchungaji aliyetawala muziki wa hafla za jioni

Mtu yeyote anayetaka kupanga orodha ya nyimbo za zamani za jazz kwa ajili ya hafla ya jioni, ile ambayo wageni husimama na glasi mkononi wakizungumza, atakutana na jina hili mapema sana: Nat King Cole. Wengi wenu mmeisikia sauti yake redioni bila kujua ni ya nani, hasa msimu wa Krismasi. Ni sauti nzito kidogo, laini, inayotamka kila neno waziwazi kana kwamba mwimbaji amekaa kiti cha pili kutoka kwako.

Cole alifariki dunia mwaka 1965 akiwa na umri wa miaka 45 tu. Katika maisha hayo mafupi alikuwa mpiga piano aliyeigwa na wengine, kisha mwimbaji aliyeuza mamilioni ya santuri, kisha mtu mweusi aliyepewa kipindi chake kwenye televisheni ya taifa la Marekani wakati ambapo jambo hilo lilikuwa karibu haliwezekani. Pia alipigwa jukwaani na kufukuzwa na majirani kwa sababu ya rangi ya ngozi yake. Makala hii inaeleza maisha yake, na mwishoni tunaeleza namna ya kuzipanga nyimbo zake kwa mtu anayeandaa shughuli.

Kutoka Alabama hadi Chicago

Alizaliwa Machi 17, 1919 mjini Montgomery, jimbo la Alabama, kusini mwa Marekani. Jina lake kamili lilikuwa Nathaniel Adams Coles. Baba yake, Edward, alikuwa mchungaji wa kanisa la Kibaptisti. Mama yake, Perlina, alipiga kinanda kanisani na ndiye aliyemfundisha mwanawe kukigusa.

Nathaniel alipokuwa na umri wa miaka minne hivi, familia ilihamia Chicago, upande wa kaskazini. Haikuwa familia yao peke yake. Katika miaka hiyo maelfu ya Wamarekani weusi waliondoka majimbo ya kusini, wakikimbia umaskini wa mashambani na sheria za ubaguzi, wakaenda kutafuta kazi za viwandani kaskazini.

Chicago ya miaka ya 1920 ilikuwa imejaa jazz. Mwanamuziki aliyemvutia zaidi Nathaniel alikuwa mpiga piano Earl Hines, na kijana huyo alikuwa akisimama nje ya kumbi usiku ili amsikilize. Siku za Jumapili alipiga kinanda kanisani kwa baba yake. Siku nyingine alipiga jazz na vijana wenzake. Akiwa na miaka 15 aliacha shule ili awe mwanamuziki wa kudumu, na mwaka 1936 alirekodi santuri zake za kwanza akiwa katika bendi ya kaka yake, Eddie.

Watu watatu, bila ngoma

Mwaka 1937 alijiunga na kundi lililokuwa likizunguka Marekani na mchezo wa jukwaani wa nyimbo na dansi. Kundi hilo lilivunjika likiwa Long Beach, California, mbali sana na nyumbani. Yeye na mke wake wa kwanza, Nadine Robinson, aliyekuwa mchezaji dansi, wakabaki huko. Cole akaanza kupiga piano katika baa moja hadi nyingine ili apate pesa ya kula.

Mwaka huohuo mwenye ukumbi mmoja mjini Los Angeles alimtaka awe na kundi dogo. Cole akamchukua Oscar Moore wa gitaa na Wesley Prince wa besi. Hawakuwa na mpiga ngoma. Jina la King, yaani mfalme, lilitokana na mashairi ya watoto wa Kiingereza yanayomtaja mfalme aitwaye Cole. Kundi likajulikana kama King Cole Trio.

Hapa ndipo muziki wa hafla za jioni ulipopata sura yake, kwa hiyo inafaa kueleza sababu. Zuio la pombe nchini Marekani lilifutwa mwaka 1933. Baada ya hapo baa za hoteli na kumbi ndogo za vinywaji zilifunguliwa kila mji mkubwa. Bendi kubwa za wakati huo zilikuwa na watu 15 au zaidi, tarumbeta nyingi na ngoma. Katika chumba kidogo bendi ya namna hiyo haitoshei, mshahara wake ni mkubwa, na wateja hawasikilizani.

Watu watatu waliweza kukaa pembeni karibu na kaunta. Mapigo ya gitaa na besi yalishika mwendo badala ya ngoma, na piano ikapata nafasi ya kupambia. Mteja aliweza kumwambia mwenzake neno bila kupaza sauti, na aliyetaka kusikiliza alisikia kazi ya ufundi mkubwa. Mpangilio huo wa piano, gitaa na besi uliigwa baadaye na wapiga piano mashuhuri kama Art Tatum, Oscar Peterson na Ahmad Jamal. Hata Ray Charles alipoanza kuimba alikuwa akimuiga Cole waziwazi.

Awali Cole hakujiona kuwa mwimbaji. Aliingiza nyimbo chache za kuimba ili kubadilisha ladha kati ya vipande vya piano, na wateja wakawa wanaziomba tena na tena.

Hadithi ya tumbusi na tumbili

Mwaka 1942 kampuni mpya ya kurekodi muziki, Capitol, ilianzishwa mjini Los Angeles. Mwaka uliofuata ikamsajili Cole. Wimbo uliofungua mlango uliitwa Straighten Up and Fly Right, uliorekodiwa Novemba 1943.

Wimbo huo aliutunga mwenyewe kutokana na hadithi ya zamani ya watu weusi wa kusini, ambayo baba yake aliitumia katika mahubiri. Tumbusi anawabeba wanyama mgongoni akidai anawatembeza angani, kisha anawaangusha na kuwala. Zamu ya tumbili inapofika, tumbili anaishika shingo ya tumbusi na kumlazimisha aruke sawasawa. Msikilizaji wa pwani yetu atakumbuka kisa cha kima na papa, ambapo kima anayebebwa kwenda kuuawa anajiokoa kwa akili katikati ya safari.

Wimbo ulipendwa sana, lakini Cole hakufaidi vya kutosha. Siku za shida alikuwa ameuza haki za wimbo huo kwa dola 50 tu. Ni somo ambalo wanamuziki wengi wa Afrika wanalijua vizuri.

Sauti yaipita piano

Kuanzia mwaka 1946 Cole na wenzake walikuwa na kipindi cha redio cha dakika 15 kwenye shirika la NBC, kikidhaminiwa na kampuni ya mafuta ya nywele. Mwaka huo walirekodi The Christmas Song. Kwanza waliurekodi wakiwa watatu peke yao. Cole akaona unahitaji vinanda vya nyuzi, yaani kundi la wapiga fidla, wakaurekodi tena. Toleo la pili ndilo lililotoka. Wimbo huo unaohusu baridi ya Desemba ulitungwa na Mel Tormé na Bob Wells katika siku za joto kali la California.

Mwaka 1948 ukafuata Nature Boy, wimbo wa mtu asiyejulikana aitwaye eden ahbez, mwenye nywele ndefu na aliyekuwa akilala nje. Santuri hiyo ilikaa nafasi ya kwanza Marekani kwa wiki nane. Mona Lisa wa mwaka 1950 ulitoka kwenye filamu na kushinda tuzo ya Oscar ya wimbo bora. Unforgettable aliurekodi mwaka 1951.

Baadhi ya wapenzi wa jazz walilalamika. Walisema mpiga piano hodari ameacha ufundi wake na kwenda kuimba mapenzi mbele ya fidla. Cole hakukubali kwamba kuimba kwa ajili ya watu wengi ni kosa. Wasikilizaji ndio waliokuwa wakinunua santuri, na Capitol ilinufaika kiasi kwamba jengo lake la mviringo lililofunguliwa Hollywood mwaka 1956 lilipewa jina la utani la nyumba iliyojengwa na Nat.

Nyumba ambayo majirani hawakutaka ainunue

Machi 28, 1948 Cole alimuoa mke wake wa pili, mwimbaji Maria Ellington, katika kanisa la Abyssinian huko Harlem, New York. Miezi michache baadaye walinunua nyumba katika mtaa wa Hancock Park, Los Angeles, uliokuwa wa matajiri weupe.

Mitaa mingi ya namna hiyo ilikuwa na hati zinazokataza nyumba kuuzwa kwa watu weusi. Mei mwaka huohuo Mahakama Kuu ya Marekani ilikuwa imeamua kwamba mahakama haziwezi kutekeleza makatazo hayo. Sheria ilikuwa upande wa Cole, lakini majirani walikutana kujaribu kumzuia. Inasimuliwa kwamba walimweleza kuwa hawataki watu wasiofaa wahamie mtaani, naye akawajibu kwamba hata yeye hawataki, na akimwona mmoja atakuwa wa kwanza kutoa taarifa.

Familia ilihamia. Nyasi za uwanja wao zilichomwa kwa maandishi ya matusi, na mbwa wao aliuawa kwa sumu. Hawakuondoka. Walilea watoto watano katika nyumba hiyo, na Cole aliishi humo hadi mwisho wa maisha yake.

Usiku wa Birmingham

Aprili 10, 1956 Cole alikuwa jukwaani mjini Birmingham, katika jimbo alilozaliwa. Sheria za huko zilikataza watazamaji weupe na weusi kuchanganyika, hivyo aliandaliwa maonyesho mawili: la kwanza la weupe, la pili la weusi. Alikuwa akiimba na bendi kutoka Uingereza.

Katika nyimbo za mwanzo tu, wanaume wa kikundi cha wabaguzi walikimbilia jukwaani wakamshambulia na kumwangusha. Polisi waliokuwapo wakawakamata. Cole aliumia mgongo. Alirudi jukwaani, watazamaji wakasimama kumpigia makofi, lakini akawaeleza kwamba hawezi kuendelea. Baadaye usiku huohuo alijikaza akafanya onyesho la pili kwa ajili ya watu weusi.

Kilichomuuma zaidi kilikuja baadaye. Baadhi ya magazeti na viongozi wa watu weusi walimlaumu yeye, wakisema asingekubali hata kidogo kuimba katika ukumbi unaotenganisha watu. Baadhi ya baa za Harlem ziliondoa santuri zake. Cole alijiona kuwa mwanamuziki anayeburudisha watu wote na hakuwa mtu wa siasa, lakini lawama zile zilimgusa. Alilipia uanachama wa maisha wa NAACP, chama kikubwa cha kutetea haki za watu weusi, na katika miaka iliyofuata alifanya maonyesho ya kuchangia harakati hizo.

Tukumbuke pia kwamba katika miaka hiyo wasanii weusi waliojaza kumbi za hoteli za Las Vegas hawakuruhusiwa kulala katika hoteli hizohizo. Muziki wao ulikaribishwa ndani, wao wenyewe wakapelekwa kulala upande mwingine wa mji.

Kipindi kilichokosa mdhamini

Novemba 5, 1956 kipindi cha televisheni cha Nat King Cole kilianza kwenye NBC. Kilikuwa cha dakika 15, na mwaka 1957 kikaongezwa hadi nusu saa. Ella Fitzgerald, Harry Belafonte, Peggy Lee na wengine wengi walikuja kuimba, tena kwa malipo ya chini kabisa ili kumsaidia mwenzao.

Watazamaji walikuwapo, lakini hakuna kampuni kubwa iliyokubali kukidhamini nchi nzima. Kampuni ziliogopa kwamba wateja weupe wa kusini wangesusia bidhaa zao. NBC ilibeba gharama kwa zaidi ya mwaka mmoja. Desemba 17, 1957 kipindi cha mwisho kilirushwa, na Cole mwenyewe ndiye aliyeamua kuacha. Alisema kwa uchungu kwamba watu wa matangazo wanaogopa giza.

Hakuacha kazi. Mwaka 1958 alikwenda Havana, Kuba, akarekodi albamu nzima kwa Kihispania ingawa hakukijua. Alijifunza matamshi neno kwa neno. Albamu hiyo ilipendwa sana Amerika ya Kusini.

Sigara

Cole alikuwa mvutaji mkubwa. Alivuta hadi pakiti tatu kwa siku, na aliamini kwamba moshi ndio unaoipa sauti yake ule uzito. Mara nyingi alivuta kadhaa kabla ya kurekodi.

Januari 1964 serikali ya Marekani ilitoa ripoti yake maarufu iliyothibitisha kwamba sigara husababisha saratani ya mapafu. Desemba mwaka huohuo Cole aligunduliwa kuwa na ugonjwa huo. Alikuwa ametoka kurekodi nyimbo za albamu yake ya mwisho, L-O-V-E. Januari 1965 madaktari walimwondoa pafu la kushoto. Alifariki Februari 15, 1965 hospitalini Santa Monica, California. Mabinti zake pacha walikuwa na umri wa miaka mitatu tu.

Binti yake Natalie, aliyezaliwa mwaka 1950, naye akawa mwimbaji mkubwa. Mwaka 1991 mafundi waliunganisha sauti yake na ya baba yake katika wimbo Unforgettable, wakasikika wakiimba pamoja miaka 26 baada ya kifo cha baba. Albamu hiyo ilizoa tuzo za Grammy mwaka uliofuata.

Jazz yao na jazz yetu

Hapa kuna jambo linalowachanganya wengi. Kwetu neno jazz limekaa kwenye majina ya bendi za dansi: Dar es Salaam Jazz, Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe, Tabora Jazz, Western Jazz, na kule Kongo OK Jazz ya Franco. Muziki wa bendi hizo ni wa gitaa, saksafoni na rumba, wa kuinua watu viti. Jazz ya Cole ni ya kukaa na kuzungumza. Ukimwambia mpiga muziki akupigie jazz bila kufafanua, anaweza kukuletea kitu tofauti kabisa na ulichotaka, na hatakuwa amekosea.

Namna ya kupanga nyimbo zake

Kama una shughuli ya jioni, iwe kumuaga mstaafu, mahafali au kikao cha familia, na unataka muziki wa namna hii kabla ya chakula, fuata hatua hizi.

• Wageni wanapoanza kuingia, weka vipande vya piano bila kuimba. Albamu ya Penthouse Serenade ya mwaka 1952 inafaa. Watu wanasalimiana, hawahitaji maneno mengine masikioni.

• Watu wakishapata vinywaji, leta nyimbo za watu watatu zenye mwendo wa kutembea, kama Route 66 ya mwaka 1946, au albamu ya After Midnight ya mwaka 1957 ambayo Cole alirudi kwenye piano pamoja na wageni wa fidla na tarumbeta.

• Mazungumzo yakishakolea, weka zile laini: Mona Lisa, Unforgettable, na albamu aliyofanya na George Shearing, mpiga piano asiyeona aliyezaliwa Uingereza. Usiweke zaidi ya nne za polepole mfululizo, watu watasinzia.

• Karibu na chakula, pandisha tena kwa L-O-V-E. Baada ya kula ndipo dansi ya kwetu ichukue nafasi yake.

Changanya na wenzake wa wakati huo: Ella Fitzgerald, Peggy Lee, Oscar Peterson. Sauti moja kwa saa nzima huchosha hata ikiwa nzuri.

Kuhusu idadi, santuri za zamani zilibeba takriban dakika tatu kila upande, ndiyo maana nyimbo nyingi za Cole ni fupi. Nyimbo 20 zitakutosha saa moja. Angalia pia mwaka wa toleo, kwa sababu alirekodi baadhi ya nyimbo zaidi ya mara moja. The Christmas Song inayosikika zaidi siku hizi ni ya mwaka 1961, na ni tofauti na ile ya 1946.

Pakua nyimbo kwenye simu mapema, mtandao ukikatika katikati ya shughuli ni aibu. Zima upokeaji wa simu ili mlio usitokee kwenye spika. Mwisho, pima sauti kwa kusimama na mwenzako umbali wa mkono mmoja. Mkilazimika kupaza sauti, punguza. Ndivyo kumbi ndogo za Los Angeles zilivyofanya mwaka 1937, ngoma ilipoachwa nje ili watu wasikilizane.